Siku Firauni Alipokwama Mudhaibi

Nyinyi vijana wa karakana mmenitaka niandike habari za kazi yangu, na mmoja wenu akanipa na kichwa cha maneno kabisa: "Safari ya Mafanikio." Hicho nimekifuta. Vyeo vyangu vingi vilikuja baada ya mimi kuacha kuvitaka, na habari za mshahara mnazijua wenyewe. Nitaandika mambo yaliyonishtua, kwa sababu hayo ndiyo yaliyobaki kichwani, na khasa nitaandika siku ile ya Mudhaibi, ambapo neno moja la Kiswahili lilikaribia kumzamisha mwanamke mbele ya macho yangu.

Nilianza kazi nikiwa msichana, miaka michache baada ya wazee wangu kuhama Unguja na kuja kukaa Ibra, huku Omani, kwa jamaa zetu. Nimemaliza skuli, nadhani kazi ya mambo ya kale ni ya kukaa chini ya kiyoyozi na kupiga taipu. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Nikapelekwa kwenye ngome moja nje ya Nizwa na kukabidhiwa kwa Maalim Nassor, mzee mwembamba wa Malindi, Unguja, mwenye ndevu zilizoanza kuwa nyeupe na kanzu iliyojaa vumbi mpaka mabegani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Na hivyo viatu, unakwenda harusini?"

Kabla sijajibu akanigeuzia mgongo, akauinamia ukuta na kuulamba. Aliulamba kweli, kwa ulimi, kama mtoto anavyolamba barafu. Nilipigwa na butwaa. Nikajisemea, wazee wangu wamenileta kwa mwendawazimu.

"Chumvi," akasema, akatema pembeni. "Maji ya ardhini yanaipandisha juu, na ikifika juu inavunja kila kitu. Adui yako si mvua wala si watoto. Adui yako chumvi." Halafu akanipa ndoo ya maji na mswaki wa meno.

Huo ulikuwa mwanzo. Kwa miaka mingi sikushika chombo kikubwa kuliko mswaki ule: brashi laini, sponji, kijiti cha mwanzi cha kukwangulia, na maji yaliyochujwa mpaka hayana ladha. Msitumie brashi ya waya hata mkiharakishwa na mkubwa gani. Msitumie siki, siki ni ya achari. Siku hizi mna kidude cha kupimia chumvi, basi kitumieni, msilambe. Miye nimelamba nusu ya ngome za mkoa wa Dakhiliya, na daktari wangu kila akinipima shinikizo la damu hunitazama kwa masikitiko.

Baadaye nilipelekwa Misri kujifunza mawe magumu. Mwalimu wangu kule alikuwa Daktari Samia, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuuzia samaki. Siku tuliyofika alitupeleka mahali palipolala sanamu ya mfalme wa kale, imeanguka kifudifudi tangu zama ambazo hakuna anayezijua. Nilidhani ni kilima. Nikaegemea, nikapangusa jasho, kisha nikagundua kuwa nimeegemea sikio. Nilipiga ukelele, wenzangu wakacheka. Mtu gani huyo anayetaka sikio lake liwe kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu?

Kilichonishtua zaidi kilikuwa kitu kidogo. Samia alilaza tochi yake ubavuni mwa sanamu nyingine, mwanga ukapita juu juu ya jiwe, na chini ya jina la mfalme nikaona jina jengine limefutwa.

"Kaibiwa?" nikauliza.

"Kaibiwa jina," akasema, "kaibiwa uso, na tumbo wamempunguza. Wa kwanza alikuwa mnene. Huyu aliyekuja nyuma alijipenda mwembamba, akaagiza mafundi wachonge upya."

Usingizi haukunijia vizuri siku zile. Miye nililelewa kuwa Firauni ni dhalimu mmoja aliyejiita mungu akazama baharini, basi. Sikuwa najua kuwa walikuwa wengi, wanaibiana matumbo.

Hapa lazima nieleze habari ya neno lenyewe. Kwetu Unguja sanamu ni kila kitu chenye umbo: mtoto wa bandia wa kuchezea, picha ya babu ukutani, simba aliyechorwa juu ya kopo la biskuti. Halina ubaya. Kwa Kiarabu, sanam ni kile kinachosujudiwa badala ya Mungu. Jiwe la kuchongwa la kawaida linaitwa timthal. Miye nilirekebishwa mapema na bibi mmoja wa ofisini ambaye nusura azimie niliposema napenda sana kusafisha sanam. Maalim Nassor hakurekebishika. Alikuwa Omani miaka na miaka, lakini Kiarabu chake kilikuwa Kiswahili kilichovishwa dishdasha. Tulikuwa tunacheka naye, na yeye anacheka, na hakuna aliyeona kuwa ni jambo la hatari.

Basi, miaka yangu ya mwisho mwisho kazini, tukaletewa kutoka Misri sanamu ya kuazima. Ilikuwa kichwa na kiwiliwili cha mfalme, miguu imepotea, graniti nyekundu, ndefu kupita mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake. Ioneshwe kwanza Sur, kisha ihamishiwe Nizwa. Jina la mfalme sitalitaja kwa sababu mabingwa wenyewe wanabishana. Lilikuwa limefutwa na kuandikwa juu yake. Sisi tulimwita Bwana Mkubwa. Aliyetumwa kufuatana naye alikuwa Samia yule yule, sasa nywele zimekuwa nyeupe. Kazi ya mfuatanaji ni moja: haachani na kitu chake, usiku wala mchana, mpaka kitulie kilikoandikiwa. Maalim Nassor alikuwa amekwisha kustaafu zamani, lakini nilimwomba aje asimamie unyanyuaji, maana hakuna aliyejua mikanda na mbao kama yeye. Alikuja na magoti yake mabovu na fimbo.

Tuliondoka Sur asubuhi, miye na Maalim kwenye gari dogo, Samia juu ya trela karibu na mzigo wake. Bwana Mkubwa alilazwa chali juu ya trela, amefungiwa kwenye fremu ya mbao, kafunikwa turubai. Bidiya tukapita salama, Ibra tukapita salama, mama akanipigia simu kuniuliza kwa nini sikusimama kula. Barabara kuu ya kwenda Bidbid ilikuwa na matengenezo, tukaambiwa tupitie Mudhaibi. Baada ya Mudhaibi kidogo, breki za trela zikaanza kutoa moshi na magurudumu ya nyuma yakagoma. Dereva akajikokota mpaka kwenye changarawe pembeni, akazima.

Niliposhuka ndipo nilipoona tumesimama wapi. Mbele yetu barabara ilishuka wadini, kwenye bonde la mto mkavu. Nyuma yetu ilishuka wadini. Tulikuwa katikati ya mikono yake miwili, mahali pa chini pia, juu ya mawe ya mviringo yaliyosuguliwa na maji. Na milimani, upande wa kaskazini, mbingu ilikuwa nyeusi.

Nyinyi wa huku hamhitaji kuelezwa. Wadi haingoji mvua ikunyeshee wewe. Mvua inanyesha mlimani, jua linakuchoma hapa, na maji yanakujia kwa ghafla na magogo na mbuzi ndani yake. Trela lingeweza kutambaa mwendo mfupi tu, na pa kutambalia palikuwa mahali pamoja tu: juu yetu kidogo kulikuwa na shamba la mitende lenye ukuta na geti la chuma.

Maalim Nassor akaenda kubisha, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Miye nikamfuata. Mwenye shamba akatoka, Sheikh Hamed, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, amefunga masari, kilemba cha kwao, vizuri. Msiniulize kilichofuata! Wakasalimiana, wakaanza kuulizana habari kama desturi inavyotaka: habari zenu, hapana habari ila kheri, habari za huko, kheri, habari za mvua. Maji yanakuja na wao wanaulizana habari za mvua. Lakini mwisho Sheikh Hamed akasema karibuni, ingizeni gari lenu, na akachukua ufunguo. Mkono wake ulikuwa kwenye kufuli alipouliza, kwa kuuliza tu, chini ya turubai kuna nini.

"Sanam," akasema Maalim Nassor, na uso wake umejaa furaha. "Sanam kabir, min Masr."

Mkono ukaachia kufuli.

Nikamgeukia Maalim kwa Kiswahili, "Maalim, umesema nini! Sanam kwao ni mungu wa kuchonga!"

"Kwani si sanamu kubwa ya kutoka Misri?" akasema. "N'nambie, kile kama si sanamu n'kitu gani?"

Nikamwomba radhi Sheikh Hamed, nikamweleza: ni timthal tu, ya makumbusho, hakuna anayeiabudu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Yeye alisema kwa Kiarabu, nami nawaandikia maana yake.

"Dada yangu," akasema, "mzee huyu ana mvi za heshima na alama ya sijda kwenye paji. Ametamka mwenyewe. Kwa nini anidanganye? Shamba hili marehemu baba yangu amelitia wakfu. Tende zake zinafuturisha watu msikitini. Nitie humu kitu kama hicho?"

Dereva wetu, Mungu amsamehe, akaona atusaidie. Akapaza sauti kutoka dirishani: "Hapana, yaa sheikh, si mungu! Ni Firauni tu!"

Sheikh Hamed akatazama trela muda mrefu. Akatazama mlimani. Kisha akasema kwa upole ule ule, na upole wake ndio ulionitisha, "Firauni Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye aliyemgharikisha. Mimi nani hata nimwokoe na maji?"

Mpaka leo nikikumbuka maneno yale nywele hunisimama, kwa sababu hayakusemwa na mjinga wala katili. Yalisemwa na mtu aliyekuwa amekwisha kutukaribisha. Akatuambia tuingie sisi, watu, tunywe kahawa, na kile kibaki kilipo.

Hapo tukausikia mngurumo. Ulikuwa mbali bado, kama lori linalomwaga kokoto. Nikakimbilia trelani na kumpigia kelele Samia ashuke. Alikuwa amekaa juu ya fremu, karibu na kichwa cha mfalme, mkono mmoja ameushika mkanda.

"Sishuki," akasema.

"Samia, wadi inakuja!"

"Nasikia. Sina uziwi."

"Ni jiwe! Jiwe litakaa maji yapite!"

"Na likibiringishwa? Jiwe hili nimelitumikia miaka ya maisha yangu, Asya. Aliyelichonga hakuwa mfalme, na hakuna aliyeandika jina lake popote. Nikishuka mimi, atabaki na nani?"

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nikamwambia ana wajukuu. Akasema wajukuu wana wazee wao. Nikageuka kumtazama Sheikh Hamed, yuko getini, anatazama, uso umembadilika rangi lakini hajasogea. Nikamwambia kuna mwanamke kule juu. Akasema, "Mwambieni ashuke. Nani amemzuia?" Na kweli, hakuna aliyemzuia. Ndiyo iliyonitia wazimu, kwamba kila mtu pale alikuwa na haki yake na maji yalikuwa yanakuja.

Maalim Nassor alinipita. Sikumwona alivyotoka getini. Aliegemeza fimbo yake kwenye gurudumu, akashika ngazi ya trela na kuanza kupanda, goti moja, kisha la pili, anagumia kila hatua. Nikamshika kanzu.

"Maalim, unakwenda wapi? Huwezi!"

"Neno n'melitoa miye," akasema. "Maneno mengine sina. N'takwenda kukaa."

Akapanda, akakaa upande wa pili wa kichwa, akajipangusa uso kwa kofia yake. Samia akamtazama kwa mshangao. Akamsogezea mkanda ashike.

Nami nikapanda. Msiniandike shujaa. Nilikuwa naogopa, na nilipanda kwa sababu niliona haya kubaki chini na mwalimu wangu yuko juu. Tukakaa watatu pale, wazee watupu, jua linatuchoma, na ule mngurumo sasa umekuwa na harufu: harufu ya udongo ulioloa. Maalim alikuwa anasoma shahada kimoyomoyo. Midomo ilikuwa inamtikisika.

Sheikh Hamed akapiga ukelele. Sijui kama yalikuwa maneno. Baadaye dereva aliniambia alisema, "Roho tatu! Mnanitwisha roho tatu!" Miye nilichoona ni geti linafunguka kwa kishindo, kilemba kimemwanguka, na yeye mwenyewe anakimbia mbele ya trela kwa miguu mitupu, anampungia dereva mikono kama anaswaga ng'ombe. Trela likalia, likatikisika, likapanda. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanaburuzwa, hayazunguki. Nilimshika Maalim kiunoni na Samia akanishika miye. Ubavu wa trela ukakwaruza nguzo ya geti, tukaingia, dereva akafunga breki ya mkono, na kimya kikawa kifupi sana.

Maji yalikuja mekundu. Yalikuja kama ukuta wa urefu wa mtu, yamebeba mti mzima na mizizi yake, na yakapita pale tulipokuwa. Zile changarawe hazikuonekana tena. Fimbo ya Maalim ilikwenda nayo. Gari dogo tulilofuatana nalo, tulilolisahau kwa fadhaa, niliona paa lake mara moja tu. Sheikh Hamed alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba lake, nyuma ya ukuta, mikono ameining'iniza, anayatazama maji yale.

Alasiri ilipoingia, maji yakapungua ngurumo yake. Tulisali chini ya mitende, trela tukalipa mgongo. Sheikh Hamed akatoka nyumbani kwake na tende na dele la kahawa. Huku mwenye nyumba ndiye anayemimina, mgeni hagusi dele. Akatumiminia miye na Maalim na dereva, hatutazami machoni. Samia alikuwa bado juu. Amefungua turubai upande wa kichwa, anapapasa jiwe kwa ncha za vidole kutafuta ufa.

Sheikh Hamed alikuwa amekaa kwa makusudi kuipa sanamu kisogo. Mara akainuka, dele mkononi, akasema kama mtu anayeomba ruhusa katika shamba lake mwenyewe, "Naweza kumwona?"

Samia akavuta turubai lote.

Nadhani alitarajia kitu cha kutisha. Wote tunakitarajia mara ya kwanza. Mfalme alikuwa amelala chali anatazama matawi ya mitende, pua imevunjika, mashavu ya kijana, na kwenye midomo kile kitabasamu kidogo ambacho mafundi wa kale wa Misri wanakijua kukichonga. Kivuli cha makuti kilikuwa kinampitapita usoni. Sheikh Hamed akasogea mpaka akagusa ubao wa fremu. Akauliza jina lake nani. Samia akamwambia ukweli, kwamba jina lake lilifutwa na mwingine, na sasa hakuna mwenye yakini.

"Hana jina?"

"Hana."

Alikaa akiutazama uso ule mpaka kahawa ndani ya dele ikaacha kutoa mvuke. Kisha akasema, si kwetu, "Nilikuwa tayari mwanamke afe kwa ajili ya huyu."

Maalim Nassor aliinamisha kichwa. Sheikh Hamed akataka kumiminia Samia kikombe, kwani ndiye aliyebaki, lakini alimimina hata kikombe kikafurika, kahawa ikamwagika juu ya vidole vyake na hakuonekana kuhisi. Samia akashuka trelani, mara ya kwanza tangu Sur, taratibu, kinyumenyume, anashika kila ngazi. Akamwendea. Akalitoa dele mikononi mwake, akachukua na kikombe, akammiminia yeye.